Rangi Tano na Kipimo Kimoja: Jinsi Usanifu wa Saketi Ulivyoingia Chuo Kikuu, 1971–1983

Kila lilipozuka suala la lugha ya kufundishia katika vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki, uhandisi umetajwa kuwa ndio ngome ya mwisho. Historia na fasihi, husemwa, zaweza kufundishwa kwa Kiswahili pasipo shida. Siasa na sheria huenda zikafuata. Lakini uhandisi wa umeme, na hasa ule wa kompyuta, hauwezi, kwa sababu istilahi zake ni nyingi kupita kiasi na nyingine huzaliwa kila uchao. Tume ya Rais ya Elimu nchini Tanzania, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie katika shule za sekondari na hatimaye chuo kikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na katika mabishano yaliyofuata hoja ya istilahi haikukosa kusikika.

Hoja hiyo huichukulia lugha ya taaluma kuwa ghala. Likijaa maneno, somo hufundishika. Likiwa na nafasi tupu, somo halifundishiki. Makala haya yanaipima hoja hiyo kwa kisa kilichotokea mbali na Afrika, katika vyuo vikuu vya Marekani kati ya mwaka 1971 na 1983. Lugha iliyohusika ni Kiingereza, ambacho ghala lake lilikuwa limejaa pomoni, na hata hivyo somo lilikuwa halifundishiki.

Somo lenyewe ni usanifu wa saketi unganifu, yaani zile saketi ambazo sehemu zake zote hutengenezwa kwa pamoja juu ya kipande kimoja cha silikoni kisichozidi sana ukubwa wa ukucha, ambacho mafundi hukiita chipu. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa chipu 4004 iliyokuwa na transista zipatazo 2,300; mwaka 1978 kampuni hiyo hiyo ikatoa 8086 yenye transista zipatazo 29,000. Katika muda wa miaka saba hesabu ilikuwa imezidi zaidi ya mara kumi na mbili, wala haikuonekana dalili ya kusita. Lakini wasanifu walikuwa wachache, na karibu wote walikuwa ndani ya makampuni. Kazi iligawanywa kama ujenzi wa jahazi ambamo mpasua mbao haonani na mshona tanga: mmoja alipanga mantiki ya mashine, wa pili aliigeuza mantiki hiyo kuwa saketi, wa tatu alichora tabaka za saketi juu ya karatasi kubwa, na wa nne aliikata michoro hiyo kwa kisu katika karatasi nyekundu ya plastiki ili ipigwe picha na kupunguzwa. Kila kiwanda kilikuwa na daftari lake la masharti. Mstari wa aina hii usipungue upana huu; mistari ya aina ile isikaribiane zaidi ya hivi. Masharti hayo yalikuwa mengi, yalibadilika kila mitambo ilipobadilika, na yalifichwa kama siri ya biashara. Mwanafunzi aliyetaka kujua usanifu hakuwa na njia ila kuajiriwa.

Vyuo vikuu havikuwa vimelala. Idara za uhandisi wa umeme zilifundisha fizikia ya transista kwa ustadi mkubwa, na wataalamu wa kompyuta walifundisha uandishi wa programu na nadharia ya mashine. Mwaka 1975 idara kongwe ya uhandisi wa umeme ya MIT ilibadili jina ikawa idara ya uhandisi wa umeme na sayansi ya kompyuta, jambo ambalo lilikuwa ni kukiri kwamba pande hizo mbili ni nyumba moja. Hata hivyo katikati ya nyumba palikuwa na chumba kisicho na mlango. Aliyejua transista moja ifanyavyo kazi hakujua namna ya kuzipanga elfu kumi; aliyejua kupanga mashine nzima hakujua jinsi mashine hiyo inavyogeuka kuwa mistari juu ya silikoni. Kiingereza walikuwa nacho wote wawili. Walichokosa ni istilahi za pamoja na, zaidi ya istilahi, makubaliano juu ya mambo ambayo hayana haja ya kusemwa.

Watu wawili ndio wanaotajwa zaidi katika historia ya jambo hili. Carver Mead, profesa wa Caltech mjini Pasadena, alianza mwaka 1971 kuendesha darasa ambamo wanafunzi walisanifu chipu zao wenyewe, jambo lililokuwa geni kabisa chuoni. Lynn Conway alikuwa mtafiti katika maabara ya Xerox PARC, Palo Alto, alikoajiriwa mwaka 1973. Maisha yake ya nyuma yanastahili kutajwa. Katika miaka ya 1960 alifanya kazi IBM, katika mradi wa kompyuta ya kasi kubwa, na huko alibuni njia ya kuiwezesha mashine kutekeleza amri kadhaa kwa wakati mmoja bila kufungwa na mfuatano wa kuandikwa kwake. Mwaka 1968 kampuni hiyo ilimfukuza baada ya kujua kwamba yumo katika matibabu ya kubadili jinsia ili aishi kama mwanamke. Alianza upya, kwa jina jipya, kama mwandika programu wa kawaida, asithubutu kuitaja kazi aliyokwisha kuifanya. Mtu aliyelazimika kuingia katika taaluma yake mara ya pili kama mgeni si ajabu akajua wageni hukwama wapi.

Kuanzia mwaka 1976 hivi Mead na Conway, pamoja na wenzao wa Caltech na PARC, walishughulikia swali ambalo kwa mwanaisimu ni la kawaida: ni kanuni chache kiasi gani zinazotosha kuzalisha tungo zote zinazohitajika? Hatua ya kwanza ilikuwa kipimo. Daftari za viwanda zilitoa vipimo kwa mikroni, yaani sehemu za milioni za mita. Wao walikiweka kando kipimo hicho na kuifanya herufi ya Kigiriki, lamda, kuwa kizio cha usanifu wote. Mstari wa polisilikoni usipungue lamda 2 kwa upana, na wa metali usipungue lamda 3. Mistari miwili ya polisilikoni iachane kwa lamda 2, na miwili ya metali kwa lamda 3. Thamani ya lamda yenyewe haikuwa sehemu ya mchoro. Mwaka 1978 ilikadiriwa kuwa mikroni 3 hivi. Kiwanda kikipata mitambo bora zaidi, thamani hupunguzwa na mchoro hubaki ulivyo. Kwa njia hii mchoro ulikoma kuwa mali ya kiwanda fulani. Wasomaji wa ushairi hawatashangaa, kwani asemaye kwamba mshororo una mizani 16 hasemi neno lolote juu ya mwendo wa mwimbaji.

Hatua ya pili ilikuwa rangi. Tabaka la chini, lile la silikoni iliyotawanyiwa chembe ngeni ili ipitishe umeme, lilipewa rangi ya kijani. Polisilikoni ilipewa nyekundu na metali ikapewa buluu. Njano ilionyesha transista iliyotiwa chembe za ziada ili ipitishe umeme hata pasipo kuamriwa, na nyeusi ilionyesha mahali ambapo tabaka mbili zimeunganishwa. Sarufi ya rangi hizi ni fupi ajabu. Nyekundu ikikatiza kijani, hapo huzaliwa transista: umeme upitao katika kijani huruhusiwa au huzuiwa na nyekundu. Buluu ikikatiza kijani au nyekundu, hakuna kinachotokea, isipokuwa pametiwa nyeusi. Mistari miwili ya rangi moja ikigusana huwa mstari mmoja. Mtu mwenye penseli za rangi na karatasi ya miraba aliweza kuanza kwa kuchora vijiti vyembamba visivyo na vipimo, akihangaikia tu nani anamkatiza nani. Halafu ndipo avipe vijiti unene kwa kuhesabu miraba, kila mraba ukiwa ni lamda 1.

Mchoro wa vijiti haukuwa picha tu. Ulisomeka kama sentensi inavyosomeka, na ulikuwa na makosa ya kisarufi ambayo hata asiyejua kusudi la saketi angeweza kuyaona: hapa mistari imekaribiana mno, pale nyekundu imeikatiza kijani bila kukusudiwa na transista isiyotakiwa imezaliwa. Uwezekano huo wa kukosolewa na mtu wa nje ndio unaolitenganisha somo la chuo na siri ya ufundi. Fundi hukosolewa na bwana wake peke yake. Mwanafunzi hukosolewa na kanuni, na hata mwalimu wake naye hukosolewa na kanuni hiyo hiyo.

Yaliyoachwa nje yalikuwa mengi kuliko yaliyowekwa ndani. Palikuwa na njia kadhaa za kutengeneza chipu. Wao walichagua moja tu, ile iitwayo nMOS, nyingine wakazinyamazia. Fizikia ya nusu vipitishi, ambayo idara za umeme zilikuwa zikiifundisha kwa muhula mzima na zaidi, ilipunguzwa mpaka kiasi kinachomtosha msanifu asiyekusudia kuwa mwanafizikia. Masharti yenye desimali yalizungushwa hadi tarakimu kamili. Ni rahisi leo kuiona hatua hii kuwa ya busara. Wakati ule ilihitaji ujasiri wa kutupa maarifa ya kweli, yaliyopatikana kwa jasho, kwa sababu tu yalimzuia anayeanza.

Wataalamu wa Kiswahili wanalifahamu jambo hili kwa karibu, tena kwa uchungu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha iliyohudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kimvita na Kiamu, lahaja zenye hazina ya ushairi isiyo na kifani, ziliwekwa pembeni ili mtoto wa Kisumu na mtoto wa Ujiji wasome kitabu kimoja. Manung'uniko ya Mombasa hayakuwa ya bure. Lamda nayo ilikuwa usanifishaji wa namna hiyo, na manung'uniko yakafuata: wasanifu waliobobea walisema kwamba kanuni zilizozungushwa zinapoteza nafasi, na kwamba chipu iliyochorwa kwa lamda ingekuwa kubwa kuliko ile ambayo bingwa wa kiwandani angechora. Walisema kweli. Lakini ulinganisho huu usivutwe mbali, maana hakuna mtoto aliyebembelezwa kwa masharti ya kiwanda. Msanifu aliyeachishwa daftari lake alipoteza sehemu ya ustadi wake. Mshairi wa Mombasa aliambiwa kwamba lugha ya mama yake ni kosa la darasani.

Kanuni zikiwa tayari, palibaki swali la namna ya kuzieneza. Kiangazi cha mwaka 1977 Conway alitoa wazo kwamba ziandikwe katika umbo la kitabu cha kiada, si katika makala za utafiti zilizotawanyika. Wazo hilo lilikuwa na ujanja ndani yake. Kitabu cha kiada humwambia msomaji kwamba somo limekwisha kukomaa na kinachobaki ni kujifunza, ilhali somo hili lilikuwa ndiyo kwanza linazaliwa. PARC ilikuwa na kompyuta za Alto na mashine za kupiga chapa kwa leza, vyombo ambavyo wakati huo havikupatikana kwingine ila kwa nadra, na kwa hiyo rasimu ziliweza kutolewa zikiwa nadhifu kama kitabu kilichotoka kwa mchapishaji. Sura tatu za mwanzo zilitumiwa mwaka huo huo na Mead kule Caltech na Carlo Séquin kule Berkeley. Waalimu waliposhindwa kueleza jambo, sura iliandikwa upya. Kitabu kamili, Introduction to VLSI Systems, kilitolewa na Addison-Wesley kikiwa na tarehe ya mwaka 1980, na kufikia wakati huo kilikuwa kimekwisha kujaribiwa madarasani kwa zaidi ya miaka miwili.

Jaribio kubwa lilifanyika MIT mwishoni mwa mwaka 1978. Conway alialikwa huko kama profesa mgeni, na kwa kuwa hakuwa mzoefu wa mimbari, aliandika mihadhara yake kwa ukamilifu kabla ya kuitoa. Hofu hiyo ilizaa matunda: maandishi yale yaligeuzwa kuwa mwongozo kwa mwalimu mwingine yeyote atakayetaka kulifundisha somo hilo bila kuwa bingwa wake. Nusu ya kwanza ya muhula wanafunzi walijifunza kanuni, na nusu ya pili kila mmoja alisanifu saketi yake. Mmoja wao, Guy Steele, alisanifu kompyuta ndogo ya kuendesha lugha ya programu iitwayo LISP.

Michoro iligeuzwa kuwa maandishi ya CIF, lugha iliyobuniwa Caltech, ambayo amri zake ni chache na zote zahusu maumbo: sanduku la urefu huu na upana huu, mahali hapa, katika tabaka hili. Maandishi hayo yalisafirishwa kwa mtandao wa ARPANET kutoka Massachusetts hadi California, ambako saketi za wanafunzi wote ziliunganishwa katika sahani moja ya silikoni, kama abiria wanavyochangia nauli ya gari moja. Kiwanda cha Hewlett-Packard kikazitengeneza. Mnamo Januari 1979 wanafunzi walirudishiwa chipu zao mkononi. Hawakuwa wamekanyaga kiwandani, na kiwanda hakikujua wala hakikuhitaji kujua saketi zile zilikusudiwa kufanya nini.

Mwaka uliofuata jambo hilo lilirudiwa kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa jina la MPC79. Walioshiriki walikuwa wasanifu 124 kutoka vyuo kadhaa, na michoro yao 82 ilipokelewa kwa mtandao, ikatengenezwa, na kurejeshwa katika muda wa siku 29 tangu tarehe ya mwisho ya kupokea. Miongoni mwa michoro hiyo ulikuwamo wa Jim Clark wa Stanford, ambao ndio uliozaa baadaye kampuni ya Silicon Graphics. Mwaka 1981 huduma hiyo ilipewa makao ya kudumu katika Chuo Kikuu cha Southern California kwa jina la MOSIS, ikigharimiwa na wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi. Kufikia mwaka wa masomo wa 1982–83 somo lilikuwa likifundishwa katika vyuo vikuu 113 duniani. Ni vigumu kutaja tawi lingine la uhandisi lililotoka mafichoni na kuingia katika mitaala kwa muda mfupi namna hiyo. Fedha za ulinzi zilisaidia, mtandao ulisaidia, na viwanda vilivyokuwa na uhaba wa wasanifu vilifurahi. Lakini fedha na mtandao vilikuwapo kabla ya hapo, na somo halikuwapo.

Lugha ile haikudumu kama ilivyoanzishwa. Katika miaka ya 1980 njia ya nMOS ilisukumwa kando na CMOS, na kanuni zikaongezwa rangi na masharti. Baadaye transista zilipopungua chini ya mikroni moja, vipimo havikupungua vyote kwa ulinganifu, na lamda ikapoteza nguvu yake viwandani. Hali kadhalika maandishi yalianza kuchukua mahali pa michoro: lugha ya VHDL ilipewa kiwango rasmi mwaka 1987, na msanifu wa siku hizi huandika mwenendo wa saketi kwa maneno, kisha programu ndiyo inayozalisha mistari. Hata hivyo desturi ya kuigawa kazi kati ya anayesanifu na anayetengeneza, pakiwa na kanuni zilizoandikwa baina yao, imebaki.

Sifa ya kazi hii iliendelea kwa miaka mingi kumwangukia Mead zaidi ya mwenzake, na Conway mwenyewe aliandika juu ya kusahauliwa huko mwaka 2018. Tangu mwaka 1985 alikuwa profesa wa uhandisi wa umeme na sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Michigan. Habari za maisha yake ya IBM zilijulikana hadharani mwishoni mwa miaka ya 1990. Kampuni hiyo ilimwomba radhi mwaka 2020, miaka 52 baada ya kumfukuza. Alifariki mwezi Juni 2024.

Kwa upande wa Afrika ya Mashariki, Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilichopokea wanafunzi Nairobi mwaka 1956, ambacho kilikua hadi kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970, kilifundisha uhandisi kwa Kiingereza tangu awali, na kitivo cha uhandisi cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1973 kikafuata nyayo hizo. Waunda istilahi nao hawakukaa bure. BAKITA imetoa orodha nyingi. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Na mwaka 2004 wataalamu wa kompyuta wa Dar es Salaam walishirikiana na Waswidi kutoa programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kazi hizo ni za kuheshimiwa. Ila orodha ya istilahi hupangwa kwa alfabeti, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kulikuta somo lake likiwa limepangwa kwa alfabeti. Mabishano ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi yamekula wino mwingi, nayo yanahusu jina la sanduku; namna ya kulifungua sanduku na kueleza kilichomo kwa mfuatano unaoshikika haijapata hata robo ya wino huo.

Ikumbukwe kwamba sarufi ya rangi, iliyomwezesha mwanafunzi wa mwaka 1978 kusanifu chipu, imeelezwa hapo juu kwa Kiswahili, na maneno mageni yaliyohitajika yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja: silikoni, polisilikoni, metali, transista na lamda. Lililosumbua ni tabaka la chini, ambalo halina jina lililokubaliwa na lililazimika kuelezwa kwa sentensi nzima mara moja. Baada ya hapo lilitajwa kwa rangi yake tu, kijani, kama linavyoonyeshwa katika michoro yenyewe.